SOMO LETU: JE, NI LAZIMA MTOTO APITE NASARI KABLA YA SHULE?



Katika mikutano ya matawi, mashambani na viwandani, swali moja hurudi kila mwaka shule zinapofunguliwa: je, mtoto ambaye hakupita nasari ataweza darasa la kwanza? Wazazi wengine hukopa ili walipe karo ya mtoto wa miaka mitatu. Wengine hawana hata pa kukopa, basi binti yao mkubwa anaachishwa shule ili akae na mdogo wake, mama akienda kuchuma chai. Pande zote mbili zinaumia. Tulitazame jambo hili pamoja.

Sheria inasemaje?

Hapa Uganda, elimu ya msingi bila karo ilianza mwaka 1997. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliitambua nasari kuwa hatua ya kwanza ya elimu, lakini iliiacha mikononi mwa watu binafsi, na gharama ikawekwa juu ya wazazi. Umri wa kuanza darasa la kwanza ni miaka sita. Basi mzazi asitishwe: mtoto aliyefikia umri huo apelekwe shule, hata kama hajawahi kukanyaga nasari.

Nasari ilianzia wapi?

Wengi hudhani nasari ni jambo la matajiri. Sivyo. Mwaka 1816, huko New Lanark, Scotland, Robert Owen, aliyesimamia kiwanda cha kusokota pamba, alifungua shule kwa ajili ya watoto wadogo wa wafanyakazi. Walimu wake wa kwanza walikuwa James Buchanan, mfumaji wa nguo, na Molly Young, msichana wa miaka 17. Owen alikataza kuwapiga watoto, wala hakutaka wasumbuliwe na vitabu. Waliimba, walicheza dansi na kukimbia nje, na walifundishwa kwa kuulizana maswali juu ya vitu walivyoviona.

Je, inasaidia kweli?

Inasaidia, ikiwa ni nzuri. Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, Marekani, walianza kuwachunguza watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani Weusi. Watoto 58 waliingizwa nasari, 65 hawakuingizwa. Wote walifuatiliwa mpaka walipofika umri wa miaka 40. Katika mitihani ya akili, wale 58 walitangulia mwanzoni, kisha baada ya miaka michache wenzao wakawafikia. Lakini ukubwani, waliopita nasari walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata mishahara mizuri zaidi, na wachache zaidi walikuwa wamekamatwa na polisi.

Tuangalie ilikuwaje. Masomo yalikuwa ya saa mbili na nusu tu kwa siku. Kila mwalimu alikuwa na watoto wachache, na kila juma aliitembelea nyumba ya mtoto akazungumza na mama yake. Chumba kimoja chenye watoto themanini wanaokariri herufi kwa kuogopa fimbo si kitu hicho, hata kikiwa na sare nzuri.

Husemwa samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mtoto wa miaka mitatu hukunjwa kwa mchezo na mazungumzo. Huko Finland watoto huanza shule wakiwa na miaka saba, na hawaachwi nyuma.

Mzazi afanye nini?

Kabla ya kulipa karo, nenda ukaitazame nasari. Je, watoto wanacheza na kuongea? Wanapata uji? Kuna choo na maji safi? Mwalimu mmoja ana watoto wangapi?

Kama huna uwezo, usione haya. Zungumza na mtoto kwa lugha yenu ya nyumbani. Mhadithie hadithi jioni. Mhesabishe maembe na kuni. Mfundishe kuvaa, kunawa mikono na kungoja zamu yake. Mtoto mwenye hayo yuko tayari kwa shule.

Lakini hadithi ya jioni haimlindi mtoto saa nne asubuhi, mama akiwa shambani. Hapo kazi si ya mzazi peke yake. Mkataba Namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka huduma za kulea watoto ziendelezwe kwa ajili ya wafanyakazi wenye familia. Basi kamati za matawi zidai katika mikataba na waajiri kituo cha kulelea watoto karibu na kazi: kivuli, maji, uji, na walezi wanaolipwa mshahara. Kituo hicho kitamfaa mtoto mdogo, na kitamrudisha dada yake darasani.

Maswali ya kujadili tawini

1. Katika kambi yetu, ni wasichana wangapi hawaendi shule kwa sababu ya kulea wadogo zao?
2. Mfanyakazi analipa kiasi gani kwa nasari kwa muhula, na mtoto anapata nini?
3. Je, mkataba wetu na mwajiri unataja malezi ya watoto? Kama hautaji, nani ataliandika dai hilo kabla ya mazungumzo yajayo?