Mfundishe Mkimbizi Lugha ya Kazi Yake Kwanza

Mkimbizi mtu mzima anayefika Masara, huku Migori, Kenya, hawezi kukaa darasani miaka akingoja Kiswahili kinyooke ndipo atafute kazi. Watoto wanataka kula leo. Kama wewe ni jirani, mwalimu au fundi na unataka kumsaidia, lugha na kazi ziende pamoja.

1. Anza na karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa haki ya kufanya kazi au biashara, ila kwa ajira atahitaji kibali cha daraja M kutoka Uhamiaji. Tena wakimbizi hutengewa maeneo ya kuishi, kama Kakuma na Dadaab. Aliyetoka huko awe na kibali cha safari kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi.

2. Uliza alifanya kazi gani kwao. Aliyekuwa fundi cherehani Bukavu hajasahau kushona. Wengi watamsukuma kwenye machimbo ya dhahabu kwa sababu ndiyo kazi ya hapa. Lakini chini ya Sheria ya Madini ya 2016, kibali cha uchimbaji wa mikono ni cha raia wa Kenya. Mgeni atabaki kibarua kwenye shimo la mwingine. Na huko chini, asiyeelewa wenzake wakipiga kelele "Tokeni!" anaweza kufa.

3. Mpe maneno ya kazi hiyo, tena ndani ya sentensi. Kwa fundi nguo: pima, kata, pinda, kiuno, mikono, zipu. Kisha: "Itakuwa tayari Ijumaa." "Sijaelewa, rudia polepole." "Utanilipa kiasi gani, na lini?" Hili la mwisho alijue mapema, maana mgeni asiyeweza kuuliza ujira hudhulumiwa kirahisi.

4. Jenga juu ya lugha aliyonayo. Mkongomani wa Kivu huja na Kiswahili chake. Usimcheke, mwonyeshe tu maneno yanayotofautiana na ya hapa. Mwacholi au Mwanyuak wa Sudan Kusini anazungumza lugha iliyo ndugu na Dholuo, lugha ya Wajaluo wa hapa. Huyo aanze na Dholuo ya sokoni, Kiswahili kifuate.

5. Fuata saa zake. Nusu saa jioni, kila siku, inatosha. Mama aje na mtoto wake. Asiyejua kusoma afundishwe kwa mdomo na kwa vifaa vyenyewe mkononi.

6. Lenga cheti. Mtihani wa ufundi wa NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, unaoanzia daraja la tatu kupanda hadi la kwanza, unamfaa mtu aliyejifunzia kazini. Mwulizie pia utaratibu wa Kenya wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya shule.

7. Kuwa mteja wake wa kwanza. Mpelekee suruali ya kupunguzwa, mwache akupime, ataje bei na siku. Akikwama, subiri. Usimsemee.