KAZI INAPOTESA MOYO

Soma: Kutoka 5:6-21 na 18:13-26

Kazi ni kipawa cha Mungu. Adamu alipewa bustani ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia. Lakini si kila namna ya kupanga kazi inatoka kwa Mungu. Kazi ikivunja mguu, kila mtu anaona. Ikivunja moyo, hakuna anayeona.

Mtu anakuja hospitali. Anasema kichwa kinamuuma, usingizi umekimbia, moyo unapiga mbio, tumbo linawaka. Tunatazama damu, hakuna malaria. Tunatazama choo, hakuna minyoo. Jamaa zake wanasema amerogwa. Wengine kanisani wanasema imani yake ni ndogo. Sisi tunamwuliza neno lingine: "Huko kazini kwako kukoje?" Mara nyingi hapo ndipo anapoanza kusema kweli.

Tazama Farao. Aliwanyima watu majani makavu ya kuchanganya na udongo, lakini hesabu ya matofali haikupungua hata moja. Wewe uliyefyatua matofali unajua maana yake. Farao aliwaita wavivu, na hawakuwa wavivu. Kazi yenyewe ilipangwa hata isiwezekane. Tena waangalie makapita wao. Walikuwa Waisraeli kama wao, nao walipigwa kwa sababu hesabu haikutimia. Kisha wakamkasirikia Musa na Haruni. Ndivyo ubaya unavyoshuka: mkubwa anamfokea kapita, kapita anamtukana mtu wa kazi, na huyu anarudi nyumbani na kumpiga mke wake. (Simwachilii mume huyo. Dhambi yake ni yake.)

Basi, utajuaje kama ugonjwa wako unatoka kazini? Chukua daftari. Kwa majuma mawili andika kila jioni: nimefanya saa ngapi, nimelala saa ngapi, maumivu yalianza wakati gani, nini kilitokea kabla yake. Kama kichwa kinauma siku za kazi na kupona siku ya mapumziko, umeona jambo. Kisha waulize wenzako kwa upole. Kama watu watano wa zamu moja hawalali, si moyo wa mtu mmoja ulio dhaifu. Iko shida katika zamu yenyewe.

Mambo ya kuchunguza ni haya: mshahara unaochelewa miezi, kazi nyingi kuliko mikono, zamu za usiku zisizo na pumziko, matusi mbele ya watu, na mwanamke anayeombwa mwili wake ili apate au asipoteze kazi. Hili la mwisho lisiitwe mzaha. Tena saa za kazi zina kipimo. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaweka saa 45 kwa juma. Mwaka 2021 Shirika la Afya la Ulimwengu na Shirika la Kimataifa la Kazi yalionyesha kwamba wanaofanya saa 55 au zaidi kwa juma wana hatari ya kupooza kwa ugonjwa wa mishipa ya ubongo iliyozidi kwa 35 katika 100, wakilinganishwa na wanaofanya saa 35 mpaka 40.

Ukiisha kuona shida, usiende peke yako kwa mkubwa ukiwa na hasira. Nendeni wawili au watatu, pamoja na mjumbe wa wafanyakazi kama yuko, mkiwa na daftari mkononi. Msiseme tu, "Tumechoka." Semeni, "Tangu watu wawili walipoondoka, sisi wanne tunafanya kazi ya sita." Asiposikia, yuko mkaguzi wa kazi wa serikali.

Na wewe kapita, labda wewe ni mzee wa kanisa. Yethro alimwona Musa akiamua maneno ya watu tangu asubuhi hata jioni. Hakumwambia aombe zaidi. Alimwambia agawe kazi, aweke wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Nawe gawa zamu kwa haki, onya mtu kando na si mbele ya wenzake, mwambie mapema mshahara ukikawia. Hayo hayagharimu franka hata moja.

Pombe haiondoi taabu hii. Inaleta usingizi mbaya na kumaliza fedha ya chakula. Na kama tumekupa dawa ya msukumo wa damu, ule watu wanaouita tansio, usiiache kwa sababu kichwa kimepoa.

Lakini kifua kikibana, au mkono mmoja ukilegea ghafula, au mdomo ukipinda, usiandike daftari: njoo hospitali saa ile ile, hata usiku. Vivyo hivyo mtu akisema afadhali afe. Msimwache peke yake, msimkemee. Mmoja akae naye, mwingine atafute njia ya kumleta.