Swala na Kazi ya Shamba

SWALI: Nakamua ng'ombe kwenye shamba moja hapa Njoro. Alfajiri hunipita mara nyingi, Adhuhuri hunikuta kazini. Naona haya hata kwenda msikitini. Je, swala zangu chache zina maana?

JIBU: Ndugu yangu, zina maana kubwa. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Shikilia ulizonazo, zilizokupita zilipe kidogo kidogo.

Njoro jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili. Omba ruhusa ya dakika chache uswali Alfajiri kabla ya hapo. Adhuhuri huingia kabla ya saa saba na hudumu hadi kupita saa tisa na nusu, basi mapumziko ya chakula yanakutosha. Vua gambuti na ovaroli zenye samadi, uwe na shuka safi mfukoni. Baridi ikizidi, vaa khofu (soksi za ngozi) ukiwa na udhu: mkazi huruhusiwa kupangusa juu yake, badala ya kuosha miguu, kwa mchana mmoja na usiku wake.

Haya isikufungie mlango wa msikiti. Anza Ijumaa hii.