Wageni Wasiwazidi Wenyeji: Ninavyolinda Utamaduni wa Kazi Kampuni Ikikua

Kampuni yetu iko Nsambya, Kampala, na inatengeneza programu ya simu inayowasaidia wenye maduka madogo kuweka hesabu. Tulipoanza tulitosha kwenye meza moja. Leo tumejaza ghorofa mbili, na mara nyingi napishana ngazini na mtu nisiyemjua jina. Mimi ni msimamizi wa wahandisi, na wenzangu wa kampuni nyingine huniuliza tunafanyaje ili tusipoteze namna yetu ya kufanya kazi. Nitaeleza yale ninayoyafanya mwenyewe.

Naanzia kwenye hesabu ya wenyeji na wageni. Maneno kama "uadilifu" na "ubunifu" yaliyobandikwa ukutani hayamfundishi mtu kitu. Mgeni hujifunza kwa kumtazama aliyeketi karibu naye. Kama huyo naye kaingia mwezi uliopita, wote wawili watabahatisha, au kila mmoja ataendelea na mazoea ya alikotoka. Kwa hiyo timu ikiomba kuongezewa watu, nauliza kwanza wenyeji wake ni wangapi. Nikiona wageni watawazidi, naomba nafasi zisubiri. Wakurugenzi hununa, hasa fedha za wawekezaji zikishaingia benki, lakini sijabadili msimamo.

Baada ya hesabu kuna mlango, yaani namna mgeni anavyoingizwa kazini. Ukitaka mfano wa mlango unaolindwa vizuri, Kampala tunao barabarani. SafeBoda, kampuni ya usafiri wa bodaboda iliyoanza mwaka 2014, ilimpitisha dereva kwenye mafunzo ya usalama barabarani, huduma ya kwanza na namna ya kumhudumia abiria kabla ya kumkabidhi kofia ya rangi ya chungwa. Mmoja wa waanzilishi wake, Ricky Rapa Thomson, alikuwa dereva wa boda mwenyewe, kwa hiyo alijua ni mazoea gani ya stejini yasiyofaa kuingia nayo. Mafunzo ya aina hiyo yanakula muda na pesa, ndiyo maana kampuni nyingi huyaruka.

Kwetu mhandisi mpya haandiki msimbo wiki ya kwanza. Anakaa na dada na kaka wa huduma kwa wateja, anasikiliza simu, kisha anatoka nao kwenda madukani. Mmoja alipelekwa kwa mama mwenye kiduka karibu na kambi ya polisi. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka, na kitufe chetu cha kuhifadhi mauzo kiliangukia kwenye ufa. Kila akiuza sukari aliipindisha simu ikae kwa ubavu ili kitufe kihame, akakibonyeza, akairudisha wima. Kijana aliporudi ofisini hakungoja kutumwa. Alikihamisha kitufe na kukipanua. Hakuna hotuba yangu kuhusu kumjali mteja ingefanya hivyo.

Halafu kuna simulizi. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima mkesha wa uchaguzi, ikarudi tarehe 18. Wenye maduka hawakuweza kutufikia kwa programu, lakini wenzetu walikuwa na namba zao kwenye daftari. Wakawapigia mmoja mmoja: andika mauzo kwenye karatasi, sisi tutakuingizia. Mawasiliano yaliporudi, wahandisi na mhasibu walikaa pamoja wakiingiza makaratasi yale, mengine yakinuka samaki. Wengi wa wafanyakazi wetu wa leo hawakuwepo. Kwa hiyo kila kundi jipya linasimuliwa kisa hicho na mtu aliyekuwepo, siyo na ofisa wa rasilimali watu mwenye slaidi, na linaonyeshwa kilichotokana nacho: programu yetu inahifadhi mauzo kwenye simu hata mtandao usipokuwepo. Asiyejua kisa ataiona sehemu hiyo ni mzigo na kuifuta siku moja.

Lakini si kila kizuri kilitoka kwetu. Septemba 2019 kampuni ya Andela iliwaachisha kazi wahandisi wachanga takriban 400 wa Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo kwamba soko lilikuwa linataka wenye uzoefu zaidi. Baadhi yao baadaye walifika kwetu. Walikuja na mazoea ya kukaguana kazi waziwazi, mdogo akimwonyesha mkubwa kosa lake bila kigugumizi. Sisi tulikuwa tunanyamaza, tukiuita ukimya huo heshima. Tuliyachukua mazoea yao.

Na mengine yetu niliyaacha yafe. Kukaa ofisini mpaka saa nne usiku kulionekana ni moyo wa kazi tulipokuwa wachache, vijana, tusio na watoto. Dada anayetafuta usafiri wa kwenda Kyengera saa hizo haoni moyo wowote hapo. Vivyo hivyo utani wa Kiganda mikutanoni. Ulikuwa mtamu hadi tulipopata wenzetu wa Arua na Goma, wakawa wanacheka baada ya wengine kumaliza. Mimi nimekulia kambini, ambako watoto wa polisi tuliunganishwa na Kiswahili, kwa hiyo niliiona kasoro hiyo upesi. Utani uendelee kwenye chakula. Mkutano wenye uamuzi unafanyika kwa lugha inayofuatwa na kila aliyepo, na uamuzi unaandikwa pamoja na sababu yake.

Mgeni akimaliza mwezi wa kwanza namuuliza kitu kimoja: ni jambo gani hapa bado linakushangaza? Ukichelewa kuuliza, ameshazoea na halioni tena. Mmoja aliniuliza kwa nini mkutano wa Jumatatu unaanza saa moja na nusu asubuhi, wakati Barabara ya Ggaba yote imesimama kwa foleni. Nilipofuatilia, ilikuwa kwa sababu zamani tuliazima chumba cha watu na ilibidi tukiachie saa tatu. Chumba hicho tulishakiacha zamani. Sasa mkutano ni saa nne.