Jina la Baba Kwenye Hati

"Nakuandikia kutoka Muscat, ambako huu ni mwaka wangu wa sita nikifanya kazi za nyumbani. Baba yetu alifariki 2014. Alituachia shamba la ekari mbili na nusu pembeni mwa Gigiri, mpakani mwa Nairobi na Kiambu. Hatimiliki ingali na jina lake. Babu aliandikisha shamba kwa jina la baba kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa. Mwezi uliopita kaka yangu alinipigia akaniambia baba mdogo ameshapokea arubuni kutoka kwa dalali. Eti mnunuzi ni ubalozi wa nchi fulani unaotafuta mahali pa kujenga ofisi mpya, na watauziwa moja kwa moja. Mama anaishi humo humo, na kaburi la baba liko nyuma ya nyumba. Mama hataki kesi na shemeji yake. Kaka ameahidiwa fungu, amenyamaza. Watu wananiambia bendera ya kigeni ikishapandishwa, hakuna polisi wala jaji wa kukanyaga pale. Ni kweli? Nimeshachelewa? Nimeanza kumchukia baba mdogo, mtu aliyenilipia karo ya sekondari." – Mwana wa Mbali, Muscat

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na hiyo sentensi ya mwisho imenikaa kifuani. Nitairudia. Kwanza nijibu ulichouliza.

Hujachelewa. Maadamu sajili ya ardhi ina jina la marehemu, leo hii hakuna mtu aliye hai mwenye mamlaka ya kuuza shamba hilo. Baba mdogo hana, kaka yako hana, hata mama yako hana. Sheria ya Urithi ya Kenya inakataza ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi na kuthibitisha uteuzi wake, na anayejitwalia mali hiyo bila idhini ya mahakama ametenda kosa la jinai. Arubuni aliyoipokea baba mdogo ni deni lake kwa dalali. Ardhi yenu haijaguswa.

Habari ya bendera ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayonifanya nikuharakishe. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unasema maafisa wa nchi mwenyeji hawaingii katika majengo ya ubalozi bila ridhaa ya balozi, na majengo hayo hayapekuliwi wala hayakamatwi kwa amri ya mahakama. Haki yako haifi siku hiyo, lakini inakosa miguu. Unaweza kumshinda aliyeuza, ukaandikiwa fidia ambayo pengine hana uwezo wa kuilipa, na kaburi la baba yako likawa upande wa pili wa ukuta.

Wako watu walioyaona haya. Mwaka 1989 Israel iliikodishia Marekani kiwanja mjini Jerusalem kwa ajili ya ubalozi, kwa miaka 99, kodi dola moja kwa mwaka. Zamani palikuwa na kambi ya jeshi la Waingereza, kambi ya Allenby, na Waingereza wenyewe walikuwa wamepanga tu. Mwaka 2000 mwanahistoria Walid Khalidi alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba angalau asilimia 70 ya kiwanja hicho ilikuwa mali ya Wapalestina waliogeuka wakimbizi, na kwamba baadhi ya warithi wao ni raia wa Marekani hiyo hiyo. Mwaka 2022 mikataba ya zamani ya kupangisha, yenye majina ya wenye ardhi, ilitolewa hadharani kutoka katika hifadhi ya nyaraka za Israel yenyewe. Karatasi wanazo, majina wanayo, na bado wanadai. Sheria iliyowanyang'anya, ya mwaka 1950, inahusu mali za "wasiokuwepo". Kenya haina sheria kama hiyo, na dhuluma ile haina mfano kwenu. Lakini wewe uko Muscat, na najua jinsi familia inavyogawana mbele ya kiti kitupu.

Kwa hiyo fanya jambo kabla ya kuta kupanda. Uko mbali, ila Kenya ina ubalozi hapo hapo Muscat. Nenda ukaape hati ya kiapo na kusaini hati ya uwakilishi mbele ya afisa wa konsula, umpe mamlaka mtu unayemwamini au wakili. Wakili aliye Nairobi akuandikie kwanza maneno yanayotakiwa, usije ukarudishwa kwa kosa dogo. Kisha akachunguze sajili kwa nambari ya shamba, na siku hiyo hiyo aombe iwekwe tahadhari. Tahadhari ni maandishi kwenye sajili yanayomzuia msajili kuandikisha uhamisho wowote unaokinzana na dai lako mpaka usikilizwe. Katika yote nitakayokuambia, hili ndilo lisilongoja.

Halafu aiandikie Wizara ya Mambo ya Nje. Balozi hazijitafutii ardhi gizani. Mkataba ule ule wa Vienna unaitaka nchi mwenyeji izisaidie kupata mahali, kwa kufuata sheria zake. Serikali ikijua mapema kwamba shamba lina mgogoro, sauti yake ina uzito. Guinea ya Ikweta iliwahi kudai kwamba jumba moja la Avenue Foch, Paris, ni ubalozi wake, wakati mahakimu wa Ufaransa walikuwa wameshaanza kulichunguza. Mwaka 2020 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba jumba lile halikuwahi kupata hadhi hiyo, kwa kuwa Ufaransa ilipinga na ilipinga kwa wakati.

Tena huenda hakuna ubalozi wowote. Ni kweli kwamba tangu shambulio la bomu dhidi ya ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998 katikati ya Nairobi, balozi zimependa viwanja vikubwa. Wamarekani walihamia Gigiri, na sheria yao ya wakati huo ilitaka jengo jipya likae angalau mita 30 kutoka kwenye uzio. Madalali wanaijua njaa hiyo ya ardhi, na wanajua kuitumia kama chambo. Hilo la "moja kwa moja" linanitia shaka zaidi. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Mwambie wakili adai barua ya ubalozi wenyewe, yenye jina la nchi.

Sasa nirudi kwa baba mdogo.

Umeandika kwa haraka kwamba babu aliandikisha shamba kwa jina la baba kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa. Isome tena sentensi hiyo, mwanangu. Miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, wakoloni walikusanya vipande vya mashamba ya Wakikuyu na kuviandikisha upya, kila shamba kwa jina la mtu mmoja. Wengi walikuwa kizuizini, wengine walikuwa watoto. Familia nyingi zilimwandikisha kifungua mimba zikijua kwamba anawashikia wenzake. Hati haikuandika makubaliano hayo, lakini watu waliyajua. Na sheria leo inayajua: mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Kiebia na M'Lintari, ilikubali kwamba amana ya namna hiyo ya kimila huifunga ardhi hata kama haikuandikwa kwenye sajili.

Kama ndivyo ilivyokuwa kwenu, baba mdogo ana fungu katika shamba hilo. Huenda amelilima, amezeekea hapo, na kila mwaka tangu 2014 anaona jina la kaka yake marehemu likimfunika. Hana haki ya kuuza, na kumficha shemeji yake ni kosa ambalo sitalipamba. Lakini mzee aliyechoka kungoja haki yake ni tofauti na mwizi, na wewe huna budi kujua ni yupi kati yao kabla ya kumpeleka polisi. Mimi ningeanza na wazee, na polisi ningewaacha kwanza.

Kosa la familia yenu yote ni moja: mirathi haikufunguliwa. Nasema kwa uchungu, kwa sababu kwetu tuliiacha ya baba miaka 11, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa kunyamaza, na heshima hiyo ilitugharimu nusu ya shamba. Ifungueni. Anayetangulia kuomba usimamizi ni mama yenu. Yeye ana haki ya kulitumia shamba maisha yake yote, na baada yake watoto mna haki sawa, wa kike na wa kiume, aliyeolewa na asiyeolewa. Baba mdogo naye aweke dai lake la amana mahakamani. Likithibitika, apimiwe sehemu yake na apewe hati yake mwenyewe. Akitaka kuikodisha kwa ubalozi baada ya hapo, ni juu yake.

Mama yako anasema hataki kesi. Usimwambie neno kesi. Yeye ndiye aliyeolewa katika boma hilo, akala na wazee waliokuwepo, na huenda ndiye shahidi wa mwisho wa yale waliyopatana. Muscat iko saa moja mbele ya Nairobi. Mpigie leo jioni, na kabla ya kumtajia dalali, mwulize mumewe alikuwa akisema nini juu ya sehemu ya mdogo wake. Shika kalamu, uandike anavyosema.