Jenereta ya Nyumba ya Mlimani

Ziko nyumba nyingi ambazo nyaya za umeme hazijazifikia: nyumba za walinzi wa misitu, za wafugaji nyikani, na za wakulima walio juu milimani. Mwenye nyumba ya namna hiyo akitaka umeme huweza kununua jenereta, yaani mtambo ambao injini yake huchoma petroli au dizeli ili kufanya umeme. Dukani ataziona za kila kadiri, na mwuzaji humsifia ile kubwa. Basi achague ipi? Mtu aliyeuza ng'ombe wawili ili apate fedha hizo hana nafasi ya kukosea.

Nguvu ya umeme hupimwa kwa wati, na wati 1,000 ni kilowati moja. Tuseme mkulima mmoja akaa katika milima ya Usambara, meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ana taa sita za wati 10 kila moja, ndizo wati 60. Televisheni na simu, wati 90. Jokofu dogo, 150. Pampu ya kuvuta maji kisimani, 1,000. Pasi, 1,000. Jumla ni wati 2,300. Je, anunue jenereta ya wati 2,300? La! Siku atakapowasha pampu, injini itaguna, taa zitafifia, na pampu haitazunguka.

Sababu ni hii. Taa na pasi hazidai nguvu nyingi zaidi zinapowashwa. Lakini kitu chenye mota, kama pampu au jokofu, hudai mara tatu au zaidi kinapoanza kuzunguka, kwa kitambo kidogo tu. Umepata kuona watu wakisukuma gari lililozimika njiani? Mwanzo hujikaza wote. Likiisha kwenda, watu wawili wawatosha. Vivyo hivyo pampu ya wati 1,000 yaweza kudai 3,000 inapoanza.

Basi pampu ikianza huku vitu vingine vyote vikifanya kazi, yatakiwa 1,300 na 3,000, ndizo wati 4,300. Lakini ni nani anayelazimika kupiga pasi saa ile ile ya kuvuta maji? Pasi ikingoja, jumla ni 3,300. Kwa kungoja nusu saa mkulima amepunguza wati 1,000 bila kutoa hata senti moja.

Tena kuna jambo la mlima. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini haiwezi kuchoma mafuta bila hewa. Injini ya kawaida hupoteza kama 3.5 katika kila 100 ya nguvu zake kwa kila meta 300 za kupanda. Meta 1,800 ni mara sita ya 300. Kwa hiyo imepotea kama 21 katika 100, na zimebaki 79. Gawanya 3,300 kwa 0.79, utapata karibu 4,200. Jenereta itoayo wati 4,200 pwani ndiyo itakayotoa 3,300 kwa mkulima wetu.

Je, si afadhali anunue ya wati 10,000, akae bila wasiwasi? Wengi hufikiri hivyo. Lakini injini kubwa hunywa mafuta mengi hata ikiwasha taa tu. Na ile ya dizeli, ikiendeshwa siku nyingi kwa mzigo ulio chini ya theluthi ya nguvu zake, haipati joto la kutosha. Mafuta mengine hayaungui, na masizi hujaa katika bomba la moshi. Kwa taa na simu za usiku, mimi naona sola na betri ni bora kuliko jenereta yoyote.

Kabla ya kulipa, yampasa asome kibao cha mtambo. Mara nyingi huwa na hesabu mbili: kubwa ni nguvu ya kitambo, ndogo ni nguvu ya kudumu. Kwa mkulima wetu, ya kwanza isipungue 4,200, na ya pili isipungue 1,700. Akiona kVA badala ya kilowati, aangalie sana, kwani kVA 5 mara nyingi ni kilowati 4 tu. Na ikiwa hiyo ndiyo nguvu ya kitambo, mtambo ule haumtoshi, umepungua wati 200.