Zebaki Inapomwagika Nyumbani: Somo kwa Darasa la Sita

Tulipokuwa tukiwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha huko Haydom, wilayani Mbulu, tuliingia katika nyumba ambamo kipimajoto cha homa kilikuwa kimevunjika. Mama alikuwa na ufagio mkononi, naye mtoto wake mdogo akikimbiza vitone vya zebaki sakafuni. Tulimtoa mtoto, tukaufungua mlango. Mama akatuuliza, “Walimu, mbona shuleni hamkutuambia?” Hatukuwa na jibu. Tumezoea kufundisha sifa za zebaki bila kufundisha la kufanya inapomwagika. Makala haya yanapendekeza somo la dakika 40 la kuliziba pengo hilo.

Maarifa ya mwalimu

Zebaki ni metali iliyo majimaji katika joto la kawaida. Huganda katika nyuzi 39 chini ya sifuri, na uzito wake ni mara 13.6 ya ule wa maji. Kipimajoto cha homa huwa na gramu moja hivi. Hatari yake kubwa nyumbani ni mvuke wake, usioonekana wala kunuka, ambao hudhuru ubongo, neva na figo. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wanaotambaa pale pale ilipomwagika, na mama wajawazito. Mvuke huongezeka joto linapozidi. Kwa hiyo nyumba yenye moto wa kuni ndani, na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya baridi, sharti iangaliwe kwa makini.

Vifaa

Konzi ya ulezi, ufagio, vipande viwili vya karatasi ngumu, utepe wa gundi, tochi, na chupa yenye kifuniko. Zebaki yenyewe isiletwe darasani kamwe.

Hatua za somo

1. Mwaga ulezi sakafuni, mwanafunzi mmoja aufagie. Wengine watafute punje zilizosalia nyufani na chini ya madawati. Waeleze kuwa zebaki hufanya vibaya zaidi: ufagio hukivunja kitone kimoja kuwa vingi visivyoonekana, na mvuke hutoka kwa wingi zaidi.

2. Mwaga ulezi mara ya pili. Safari hii wanafunzi wafuate utaratibu huu: kuwatoa watu na mifugo, bila kukanyaga palipomwagika; kuzima moto; kufungua madirisha na kufunga milango ya vyumba vingine; kuvua pete na hereni, kwani zebaki hushikamana na dhahabu. (Kwa sifa hiyo hiyo wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya huitumia kukusanyia dhahabu.) Kisha wakusanye punje kwa karatasi ngumu kutoka pembeni kuelekea katikati, na zilizosalia wazinase kwa utepe. Tochi ilazwe karibu na sakafu, maana vitone vya zebaki hung’aa vikimulikwa kwa ubavuni. Penye sakafu ya udongo, udongo wenyewe uchotwe. Vyote, pamoja na karatasi na utepe, vitiwe chupani, chupa ifungwe na kuandikwa “Zebaki – Sumu”, kisha akabidhiwe afisa afya. Chumba kiachwe wazi siku nzima.

3. Uliza: Kwa nini zebaki isitupwe motoni? Kwa nini isimwagwe chooni? Kwa nini nguo iliyoingia zebaki isifuliwe pamoja na nyingine? Waache wanafunzi wajadiliane kabla hujawasaidia.

Tathmini

Kila mwanafunzi akalieleze somo nyumbani, na kesho yake asimulie aliyoulizwa na wazazi. Maswali ya wazazi yatamwonyesha mwalimu mahali ambapo somo halikueleweka.

Huenda mwalimu akasema kwamba vipimajoto hivyo vimekwisha pitwa na wakati. Ni kweli kwamba Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa sumu ya zebaki uligunduliwa mwaka 1956, ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na kuweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuingiza nchini vipimajoto vya namna hiyo. Lakini mkataba haukuviondoa vile vilivyokwisha nunuliwa. Vingali sandukuni na kabatini, na siku kimoja kitakapoanguka, huenda mtu mzima pekee aliyeko nyumbani akawa ni yule tuliyemfundisha darasa la sita.